Mkanda wa Kiti cha Kushoto

Nurto Korane huosha wanawake waliokufa. Hiyo si kazi inayomlipa. Inayomlipa ni jiko la shule moja ya msingi kule Alum Rock, mtaa wa Birmingham, ambako humenya, hupika na kusugua masufuria makubwa mpaka watoto waende zao. Kuosha ni jambo lingine. Simu inalia, anavua aproni, anamwomba ruhusa msimamizi, anachukua mfuko wake wenye glavu, pamba, kafuri na majani ya mkunazi yaliyosagwa, kisha anaondoka. Mara chache huwa hospitalini. Mara nyingi ni chumba cha nyuma cha msikiti, chenye vigae vyeupe na meza ya chuma iliyoinama kidogo upande wa miguu ili maji yasituame.

Alijifunza kwa mama yake mzazi, kule Garissa, Kenya. Akaendelea Uholanzi, alikoishi miaka kadhaa, na alipohamia Birmingham na binti yake Ifrah, wanawake wa msikitini hawakukawia kujua kwamba amekuja mtu mwenye mikono mizuri. Ndivyo wanavyosema, mikono mizuri. Maana yake ni kwamba maji hayamiminwi ovyo, shuka haifunuliwi kupita inavyohitajika, na lolote ambalo mwoshaji ameliona juu ya mwili linaishia pale mezani. Kovu, mchoro wa ujanani, dalili ya ugonjwa ambao familia haikuutaja, hakuna kinachotoka nje ya mlango ule. Mwoshaji anayesimulia haitwi tena. Nurto mwenyewe huieleza sababu kwa maneno machache. "Yule hawezi tena kujifunika," husema. "Kwa hiyo namfunika mimi."

Majira ya kuchipua gari lake la zamani liliharibika giaboksi na fundi akamshauri asitupe pesa. Likaanza suala la mabasi. Siku moja aliitwa, akapanda basi, akabadili jingine, likakwama kwenye foleni, na alipofika wenzake walikuwa wamekwisha kumvisha marehemu sanda. Hakuna aliyemlaumu. Lakini alikaa kwenye benchi la korido na mfuko wake magotini, na akajua kwamba bila gari zitakuja simu nyingi za namna ile, na baadaye simu zenyewe zitakoma. Zamu yake ya ayuto, ule mchezo wa wanawake wa Kisomali wa kuchanga na kupokezana, ilikuwa imefika. Pesa hiyo ndiyo aliyokwenda nayo Hockley.

Yadi ya Lennox ya kuuzia magari yaliyotumika imebanwa kati ya karakana ya kung'arisha chuma na mtu anayetengeneza visanduku vya pete. Lennox ni Mkenya, mzaliwa wa Kisumu aliyekulia Nairobi, mnene, mwepesi wa maneno, na ofisi yake ni kontena lenye hita moja na bango moja ukutani. Bango liliandikwa kwa herufi kubwa ili asiwepo wa kusema hakuliona: mteja akibadili nia, arubuni hairudi; gari likionekana lina hitilafu, au muuzaji akiwa amesema uongo, arubuni inarudi yote. Nurto alilisoma mara mbili na kuliona la haki.

Alichagua gari dogo la rangi ya fedha, la milango mitano.

"Hii ilikuwa ya familia, Mama," Lennox akamwambia. "Haijawahi kugongwa. Hata paka hajaikwaruza."

"Paka wa Birmingham au wa Kisumu?"

"Wa Kisumu wanakwaruza hadi lori. Hawa wa hapa wana adabu."

Walipotoka kulijaribu barabarani, Lennox alifungua mlango wa nyuma na kujikunja kwenye kiti cha abiria, magoti yakigusa kidevu. Nurto alimtazama kwenye kioo akamuuliza mbona anakaa huko kama waziri. Lennox akajibu kwamba mtu wa kuuza magari hapati nafasi nyingi za kuendeshwa, kwa hiyo amwache aonje. Nurto akacheka. Kiti cha kushoto, mbele, kilikuwa kitupu, na mkanda wake ulikuwa umefungwa juu ya ule utupu. Kwenye mkanda, pale unapopita begani, palikuwa na pedi ya sufu ya kahawia iliyofumwa kwa mkono, ya kuzuia mkanda usichome shingo. Nurto alidhani ndiyo desturi ya yadi kufunga mikanda, kama wauza viatu wanavyojaza karatasi ndani ili kiatu kisijikunje. Injini ilikuwa nzuri, gia zilikubali, breki zilishika. Akalipa arubuni, akatia saini, na wakakubaliana kwamba Jumamosi atakuja kumalizia na kulichukua.

Jumamosi mchana kulikuwa na jua jembamba. Lennox alikuwa kwenye simu, amebanwa na mteja mwingine, akampa ufunguo kwa ishara, azunguke kidogo peke yake kabla ya kulipa. Nurto aliingia. Kwa kuwa alikuwa na mfuko wake wa kuoshea, aliufungua mkanda wa kushoto, akauweka mfuko juu ya kiti, akatoka yadini.

Alikuwa ameingia mitaa ya Winson Green, ile yenye nyumba zilizoshikana pande zote mbili, taa nyekundu ilipowaka kwenye dashibodi, picha ya mtu aliyeketi, na kengele ikaanza. Haikuwa na kelele. Ilikuwa mlio mmoja, kimya, mlio mmoja, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ambayo anajua ina watu. Gari lilikuwa linasema kwamba abiria wa kushoto hajafunga mkanda. Nurto alidhani ni uzito wa mfuko. Akaunyakua kwa mkono mmoja, akautupa nyuma. Kengele ikaendelea.

Alisimama kando ya ukuta wa gereza, ukuta mrefu wa matofali usio na dirisha hata moja upande ule. Akaegemea kushoto, akauvuta mkanda, akaupachika. Kengele ikanyamaza palepale.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umeshika pedi ya sufu. Kwa ndani, upande unaolalia mwili, ilifungwa kwa vifungo vitatu vya mviringo, vigumu, vilivyopangwa mstari. Vidole vyake vilivijua kabla yeye mwenyewe hajajua.

Ilikuwa wakati wa baridi kali. Aliletwa mwanamke mtu mzima, mwembamba, wa familia ya Alum Rock ambayo Nurto aliifahamu kwa salamu tu. Watu waliambiwa ni moyo. Nurto alimwosha pamoja na Najmo, msichana wa duka la dawa aliyekuwa anamfundisha. Walipolegeza shuka upande wa kushoto waliona alama ya weusi iliyoanza begani, ikashuka kifuani kwa mshazari mpaka nyonga ya kulia, nyembamba na iliyonyooka kama iliyochorwa kwa rula. Na juu, karibu na mtulinga, duara tatu ndogo kwenye mstari. Najmo aliinua macho. Nurto hakuyapokea. Alimimina maji, akaanza upande wa kulia kama inavyotakiwa, akaosha mpaka mwisho, akafunika, na tangu siku ile hapana aliyeitaja kwa mwenzake. Nurto alikuwa amejiambia kwamba ni vifaa vya hospitali.

Sasa aligeuka akakitazama kiti. Mkanda haukulala bapa juu ya kitambaa. Ulikuwa umekazana, umesimama mbele ya kiti, mbali nacho kwa kiasi cha kifua cha mtu mwembamba. Basi lilipita, gari likatikisika kidogo, na mkanda ukatikisika nalo, ukatulia palepale ulipokuwa.

"Assalamu alaykum," Nurto akasema kwa sauti ya chini, kama asemavyo kila anapoingia chumba cha vigae. Kisha akaona haya, kusalimia ndani ya gari ambalo hata hajamaliza kulilipia.

Alirudi Hockley taratibu. Alipofika kwenye mzunguko wa barabara aligundua kwamba anakata kona kama mtu aliyebeba mgonjwa, na kwamba alifanya hivyo bila kuamua.

Alimweleza Lennox kwamba hataki tena gari na anaomba arubuni yake. Alitaja kengele. Lennox hakubisha; alichukua ufunguo, akaingia kwenye usukani, akaufungua mkanda wa kushoto, akazunguka yadi mara kadhaa, akatoka hadi mwisho wa barabara na kurudi. Gari lilikuwa kimya. Taa haikuwaka. Aliposhuka alikuwa na jasho juu ya mdomo, na kabla ya kufunga mlango aliinama akaurudisha mkanda mahali pake, haraka, kama mtu anayetoa mkono kwenye moto.

"Umeona mwenyewe," akasema. "Hakuna hitilafu ninayoweza kuonyesha mtu."

"Basi mbona umeufunga?"

Lennox alimkaribisha kwenye kontena, akamvutia kiti karibu na hita, akamtengenezea chai ambayo Nurto hakuinywa. Kisha akamweleza, bila mbwembwe zake, kwamba yeye si wa kwanza. Alikuja sista wa hospitali, Mkenya aitwaye Brigid, mtu aliyezoea wodi na wagonjwa mahututi. Alilipa, akalichukua kuzunguka, akarudisha ufunguo. Wakaja wengine. Wote waliacha arubuni zao pale mezani na hawakugombana.

"Nimeuza gari hii kuliko gari yoyote hapa, Mama, na bado iko hapa," akasema. "Watu wanafikiri nafurahia. Pesa ya bure. Mimi hata kile kiti cha kushoto sijawahi kukikalia tangu ifike. Sijui kwa nini. Mwili unakataa tu."

"Ilikujaje kwako?"

Ililetwa na mtu wa makamo, Lennox akasema, Msomali wa Alum Rock. Rafiki yake ndiye aliyeendesha. Mwenyewe alikaa nyuma. Lennox alimuuliza kama gari limewahi kugongwa, yule bwana akasema hapana huku akitazama sakafu. Lennox alitaka kumuuliza tena, ila akaona machozi yanamtoka, akaacha. Namba ya gari aliitafuta kwenye rekodi, ilikuwa safi.

Nurto alielewa mambo yote kwa mara moja, kama mtu anayewashiwa taa chumbani. Mgongano mdogo, pengine bampa na bawa la mbele, lile bati la juu ya gurudumu, tu, uliotengenezwa kimyakimya bila kuwaambia watu wa bima. Mama mzee kwenye kiti cha kushoto, mifupa yake myepesi, siku chache za hospitali. Madaktari walijua, na vyeti vilipita vinakopita. Mtaani ndiko kulikoambiwa ni moyo tu, ili mwanawe, aliyekuwa ameshika usukani, aweze kuendelea kutembea barabara ile akitazamwa usoni.

Lennox alisogeza kiti. "Nikwambie tufanye hivi. Wewe umeona kitu. Nakuona usoni. Niambie ni nini, na nakurudishia dipoziti yako yote sasa hivi, mkononi. Nataka tu kujua nimekaa na nini hapa. Ukininyamazia, basi umebadili nia, na bango unaliona."

Sentensi moja ingetosha. Gari liligongwa. Neno hilo lilikuwa la kweli, na bango lilisema wazi kwamba muuzaji akiwa amesema uongo, pesa inarudi. Lakini Lennox angeuliza amejuaje, na hapo jibu lilikuwa moja tu. Lennox hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusimulia. Angemsimulia wa visanduku vya pete, naye angesimulia, na kabla ya sala ya Ijumaa kila duka la Alum Rock lingekuwa limejua nani alimuua mama yake na nani alisema.

Nurto akaomba apewe mpaka Jumatatu.

Aliipigia simu huduma ya ushauri wa wanunuzi, na mwanamke mwenye sauti ya upole akamweleza haki zake kwa utaratibu: kama ameambiwa uongo kuhusu gari, anaweza kudai pesa yake. Alichohitaji ni ushahidi. Je, anao? Nurto aliitazama mikono yake juu ya meza ya jikoni. Alisema hapana, akamshukuru.

Najmo alikuja jioni hiyo na mkate na maziwa, akamsikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulibadilika mapema, Nurto alipofika kwenye vifungo.

"Eddo," akasema, kama wanavyomwita shangazi kwao, "sema gari tu. Usitaje mwili. Gari si maiti."

"Akiniuliza nimejuaje?"

"Sema umeota."

"Nimdanganye, nimsingizie Mungu ndoto, ili nipate pesa ya gari."

Najmo akakata mkate vipande vidogo ambavyo hapana aliyevila. Baadaye akauliza, kwa sauti ya mtu ambaye hataki kujibiwa, kama mkanda ulikuwa umesimama kweli. Nurto akasema ulikuwa umesimama.

Usiku ule Nurto aliwaza juu ya kuiacha arubuni na kuondoka, kama Brigid na wenzake. Ilikuwa sehemu kubwa ya zamu yake; kilichobaki kisingenunua gari la kufika hata Coventry, mji wa jirani, na zamu nyingine ilikuwa mbali. Lakini si hilo lililomkosesha usingizi. Aliona yadi, na gari la fedha kati ya magari mengine, na wateja wanaoingia mmoja baada ya mwingine, wanaufungua mkanda, wanashtuka, wanakimbia. Mwanamke yule alikuwa ameletwa kwake mara moja, naye alimfunika. Sasa alikuwa anafunuliwa kila wiki na watu wasiomjua.

Jumatatu, baada ya masufuria, alikwenda Hockley na pesa iliyobaki. Lennox aliihesabu polepole, akingoja. Mwishoni akaweka ufunguo mezani lakini hakuuachia.

"Unaichukua, na huniambii?"

"Naichukua ili nisikwambie."

Lennox akauachia ufunguo, akatoka nje, akalijaza tangi mafuta kwa dumu lake mwenyewe, na alipolifungua lango alisimama kando kabisa, ubavu kwa ukuta, kama mtu anayepisha jeneza.

Fundi wa Nurto, Gurvinder, alilikagua akasema ni gari zuri, lililopakwa rangi upya bawa moja la mbele, kazi safi. Kuhusu kengele alisema ni jambo dogo, kuna waya chini ya kiti, anaweza kuichomoa sasa hivi. Nurto akamwambia aiache. Gurvinder alidhani ni ubahili, akasema hatamtoza. Nurto akamwambia aiache hata hivyo.

Tangu hapo simu zikilia hufika kwa wakati. Ifrah, ambaye zamani aligombea kukaa mbele, siku ya kwanza alishika kitasa cha mlango wa kushoto, akatazama ndani, akakiachia na kuingia nyuma; mama yake alipomuuliza, alijibu kwa Kiingereza kwamba huko nyuma anaona vizuri zaidi. Najmo naye huingia nyuma bila kuambiwa, mfuko magotini. Husalimia anapoingia, na husalimia kwa wingi, kama kwamba ndani kuna zaidi ya mtu mmoja. Mkanda wa kushoto haufunguliwi. Wakati wa kuosha gari, Nurto hupitisha kitambaa nyuma ya mkanda, akianza upande wa kulia.

Yule bwana aliyelileta gari yadini alilikuta mwanzo wa majira ya pukutizi. Nurto na Najmo walikuwa wamemaliza kazi msikitini, na gari lilikuwa uani, wao wamo ndani, injini imewashwa, kioo kikitoa ukungu. Mtu wa makamo alikuwa anavuka kwenda kusali adhuhuri. Alipita, akasimama, akageuka nyuma. Alikuja mpaka kwenye dirisha la kushoto akatazama mkanda na pedi ya sufu, na kwa kitambo kirefu hakuna kingine alichokitazama. Nyuma, Najmo aliushika mfuko kwa mikono miwili.

Kisha akamtazama Nurto. Alimjua. Alikuwa amesimama nje ya mlango wa chumba kile wakati wa baridi, na Nurto ndiye aliyetoka kumwambia kwamba mama yake yuko tayari. Alijua pia, kwa kuwa aliishi mtaani na masikio yake yalikuwa yamekesha miezi yote ile, kwamba hapakuwa na neno lolote lililozunguka.

Aliinama karibu na kioo. Nurto alilishusha dirisha nusu ili amsikie.

"Huwa anapenda liwe wazi kidogo tu," akasema. "Hata kukiwa na baridi."

Nurto akabonyeza kitufe. Kioo kikapanda mpaka ikabaki nafasi ya kupita kidole. Yule bwana akaitikia kwa kichwa kwamba hapo ndipo, akaweka kiganja kifuani, na kuingia msikitini.

Njia yote ya kurudi upepo uliingia upande ule, mwembamba na wenye mvua. Nurto alikuwa anasikia baridi, lakini hakukipandisha kioo.